Saa 253 Usiku

Nimeshakemewa na watu wengi katika maisha haya. Trafiki amenikemea, mama mkwe amenikemea, karani wa benki amenikemea kwa kuwa sahihi yangu ya leo haikufanana na ya mwaka ule. Lakini wote hao ni binadamu. Wakishasema yao wanameza mate na kuendelea na mambo mengine. Kompaila ya Rust haina mate ya kumeza. Inakukemea, inakutolea mstari ulioandika wewe mwenyewe, inauwekea vialama chini yake ili usije ukasingizia kwamba hukuona, inakukumbusha kwamba mstari wa 7 ulisema hivi na mstari wa 12 unasema vile, halafu inalifungulia kosa lako jalada lenye namba. E0382. Nimefikia umri wa kuachiwa kiti kwenye daladala, na jioni nikirudi nyumbani nakaa mbele ya laptopu niambiwe mimi ni E0382.

Kwa wenye bahati ya kutojua: zipo lugha za programu zinazokuacha ujiendee. Python ni mojawapo. Unaandika, unaendesha, inatekeleza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ikifika kwenye upuuzi uliouweka mstari wa 40 ndipo inapoanguka. Angalau umeona mistari 39 ikifanya kazi, moyo umepoa kidogo. Zipo nyingine, C na C++ na hii Rust, ambazo kazi yako yote hupelekwa kwanza kwa kompaila. Inaisoma yote, na ikiridhika ndipo inaigeuza kuwa amri za mashine. Isiporidhika hupati kitu. Hupati hata nusu. Hizo ndizo lugha zinazotumika kutengeneza mifumo ya uendeshaji, vivinjari, mitambo ya viwandani, vitu ambavyo vikianguka watu wanaumia. Mimi nilikuwa nataka kupanga oda za pilau.

Na hapo ndipo pa kumlaumu mpwa wangu.

Mama watoto anapikia watu kwa oda: pilau, biriani, sambusa, maandazi ya asubuhi ya shughuli. Kinachomsumbua si mchele wala nyama, ni saa. Wateja wa rika letu wanapiga simu na kusema "saa nane mchana". Vijana wanatuma ujumbe: 14:00. Simu yake ukiitegesha kengele inataka 14:00. Akina dada wanaomsaidia jikoni wanataka saa nane. Ikatokea sambusa za mteja wa saa mbili usiku zikakaangwa saa mbili asubuhi, zikashinda kwenye deli zikimsubiri mwenyewe mpaka zikalegea. Nikasema, mambo haya kompyuta inayaweza. Mpwa wangu, anayesoma kompyuta chuoni, alikuwa amekuja kutusalimia, yaani kula.

"Mjomba," akasema, "kama unataka kujifunza kweli, usijifunze lugha za kubembelezana. Jifunze Rust."

"Ina nini hiyo Rust?"

"Programu yako ikikubaliwa, ujue imekubaliwa."

Kauli za namna hiyo ndizo zinazowapatia vijana wa chuo wali wa bure.

Akanisimulia asili yake. Mwaka 2006 Graydon Hoare, mtengeneza programu wa Mozilla, alirudi kwenye jengo alilokuwa akiishi Vancouver, Kanada, akakuta lifti haifanyi kazi. Si waya, si mota: programu ya lifti ndiyo iliyoanguka, na haikuwa mara ya kwanza. Na yeye alikuwa anakaa ghorofa ya 21. Akapanda ngazi huku akiwaza kwamba programu za vifaa vya aina hiyo huandikwa kwa C na C++, na kwamba katika lugha hizo ni rahisi mno kuichezea kumbukumbu ya kompyuta vibaya bila mwenyewe kujua. Akaanza kutunga lugha yake. Mozilla ikaanza kuibeba mwaka 2009, toleo la 1.0 likatoka tarehe 15 Mei 2015, na jina alilipa kutokana na kuvu wa kutu, wale wanaoshambulia mimea, kwa kuwa ni viumbe vigumu kufa. Mwishoni mwa mwaka 2022 ikaingizwa hata kwenye kiini cha Linux, toleo la 6.1, nyumba ambayo kwa miaka thelathini ilikuwa ya C.

Niseme wazi kwamba kisa hiki hakikunigusa. Jengo ninalofanyia kazi lifti yake huwa inakufa pia. Sisi tunapanda ngazi. Tukifika juu tunalaani, tunakunywa maji, tunakaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika juu akatunga lugha ya kuwatesa wajomba wa watu.

Kuiweka tu kwenye laptopu kulilamba bando. Kwanza kinashuka kipakuzi kiitwacho rustup, chepesi, chenye adabu. Kisha inashuka kompaila yenyewe. Ukidhani umemaliza, unaambiwa hakuna kiunganishi. Kompaila ikishatengeneza vipande vya programu, pana chombo kingine cha kuvishona viwe faili moja, na Rust kwa kawaida hukiazima chombo hicho kwenye zana za C. Kwenye Linux ni kifurushi kimoja cha kuongeza. Kwenye Windows ni zana za C++ zenye uzito wa gigabaiti kadhaa. Yaani lugha iliyokuja mjini kuwasema C na C++ haianzi kazi mpaka hao hao inaowasema waje waishikie.

Heri iliyopo ni moja, na nawaambia wenye bando la wasiwasi wenzangu: maelezo yote hushuka pamoja nayo. Ukiandika rustup doc, kivinjari kinafungua kitabu kilichomo ndani ya laptopu, intaneti iwepo isiwepo. Nimesoma humo usiku umeme ukiwa umekatika, betri ikinihesabia, na nikaelewa zaidi kuliko mchana nikiwa na video za vijana wanaozungumza haraka.

Programu yangu ya mwanzo ilikuwa ya kitoto. Iniulize saa, niandike 14, ijibu: saa nane. Nikaandika 14, nikapiga Enter, ikafa. Ikadai nilichoandika si namba. Kumi na nne si namba! Mpwa akaniambia kwa upole wa mtu aliyeshiba kwamba Enter nayo ni herufi, inabaki mwishoni mwa nilichoandika, kwa hiyo kompyuta haikuona 14, iliona 14 na mkia. Dawa yake ni neno trim, linalokata mikia ya pembeni kabla ya kugeuza maandishi kuwa namba. Miaka yote nimepiga Enter nikidhani natoa amri, kumbe naandika.

Nikaongeza mistari, makosa yakamwagika mpaka yakapita juu ya kioo. Nikaanza kushughulika na la mwisho, maana ndilo lililokuwa mbele ya macho. Hapa ndipo mpwa alipolipa wali wake. "Mjomba, soma la kwanza tu. Panda juu kabisa, rekebisha hilo, kagua tena." Kweli, bano moja likisahaulika linazaa malalamiko huko chini ambayo hayana baba, ukilifunga, ukoo mzima unatoweka. Na usijenge programu nzima kila mara: cargo check hukagua bila kutengeneza programu yenyewe, majibu yanakuja upesi. Na ukilisoma kosa mpaka mwisho wake, si ule mstari mwekundu wa juu peke yake, mara nyingi chini pana ushauri. Weka alama hii hapa. Jina hili silijui, lakini lipo linalofanana nalo. Niliandika oda_zte, ikaniuliza kama nilikusudia oda_zote. Nyumbani kwangu hakuna anayeniuliza kwa adabu kiasi hicho.

Ila ushauri huo nao usiumeze mzimamzima. Kompaila inajua sheria zake, haijui unataka kupika nini. Itakupa njia fupi ya kuifanya inyamaze, na kuinyamazisha si sawa na kupata jibu sahihi. Ukitaka kuelewa, chukua ile namba ya jalada, andika rustc --explain E0382, ikusomee kesi yako yote kwa mfano na dawa, tena bila intaneti.

Sasa tuiseme hiyo E0382, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa na orodha ya oda. Nikaandika kitanzi cha kuzipitia moja moja na kuzichapisha:

for oda in oda_zote

Zikachapishwa vizuri kichwani mwangu. Chini yake nikataka kujua ni oda ngapi kwa jumla. Ikakataa. Ikasema oda_zote haipo tena, imehamishwa, na mshale ukaonyesha ilikohamia: kwenye kile kitanzi. Kitanzi hakikuzipitia oda, kilizichukua kikaondoka nazo. Katika Rust kila kitu kina mwenyewe mmoja. Ukimpa mwingine bila kusema kitu, umempa moja kwa moja. Wewe huna tena, na akimaliza kazi yake kinafutwa kwenye kumbukumbu. Ukitaka aangalie tu, unaweka alama ya & mbele: &oda_zote. Alama moja. Kwa alama hiyo moja nililala saa saba usiku, na mama watoto akawa ananiuliza hiyo pilau ya kwenye kompyuta inaiva lini.

Kuangalia nako kuna masharti. Pale kijiweni kwetu gazeti moja linasomwa na watu watano, wengine kwa juu ya bega la mwenzao, na hakuna ugomvi. Lakini anayejaza fumbo la maneno kwa kalamu hupewa gazeti peke yake mpaka amalize. Sheria ya kuazima katika Rust ndiyo hiyo hiyo: wasomaji wengi kwa pamoja, au mwandishi mmoja peke yake, vyote viwili kwa wakati mmoja, hapana.

Nikaona ni sheria ya watu wazima, nikaipenda, mpaka iliponibana mimi. Kila mteja wa biriani mama watoto humwandikia na kachumbari, mstari wake mwenyewe kwenye orodha. Basi nikawa napitia orodha, nikikuta biriani naongeza kachumbari mwishoni mwa orodha ile ile. E0502. Huwezi kuiongezea orodha ambayo kuna mtu anaisoma. Nikamwambia mpwa kwamba anayeisoma ni mimi, na anayeongeza ni mimi, na mimi na mimi hatujakosana.

Akanieleza, na hapa niliacha kula ili nisikie. Orodha hukaa kwenye kumbukumbu vitu vyake vikiwa vimefuatana bila nafasi katikati. Nafasi iliyotengwa ikijaa, kompyuta inatafuta mahali pakubwa zaidi, inahamishia vitu vyote huko, na pale pa zamani inapaachia wengine. Kitanzi kilichokuwa kinasoma bado kinaelekeza macho pale pa zamani. Katika C++ utaruhusiwa kufanya hivyo bila swali. Ikitokea nafasi haikujaa, programu inakwenda vizuri, unampa mteja, unalipwa. Siku oda zikiwa nyingi, yaani siku ile ile unayoihitaji, orodha inahama, kitanzi kinasoma takataka, na hapo inaweza kuanguka au, vibaya zaidi, isianguke. Mtu mwovu akijua, anapanga yeye takataka zipi zisomwe. Mwaka 2019 wahandisi wa usalama wa Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka inatokana na kumbukumbu kutumiwa vibaya. Kampuni yenye wahandisi wote wale. Mimi mwenye kachumbari nitapona wapi?

Dawa ilikuwa nyepesi, na sikupewa na kompaila, niliipata nikimtazama mama watoto. Yeye hakatikati kachumbari kila anapokutana na biriani. Anapitia daftari, anahesabu, kachumbari inakatwa ya mwisho. Nikatengeneza orodha ya pili, nikaiita nyongeza. Kitanzi kinasoma ya kwanza na kuandika kwenye ya pili. Kikishamaliza, ya pili inaunganishwa mwishoni mwa ile ya kwanza. Hakuna anayesoma wakati mwingine anaandika. Ikakubali bila neno, na kompaila isiposema neno ndiyo imekusifu, sifa nyingine haina.

Kuna njia nyingine ambayo wanafunzi wa Rust huitaja kwa kunong'ona: clone. Ukibanwa, unanakili kitu kizima, nakala moja inabaki kwako na nyingine unaitoa, ugomvi wa nani mwenyewe umekwisha. Wajuzi wanaikunjia pua, wanasema ni ubadhirifu wa kumbukumbu. Ni ubadhirifu kweli, kama unaandika kiini cha mfumo wa uendeshaji. Mimi nina oda za Jumamosi. Kompyuta inayofungua video za mpira kwa ukamilifu wake haiwezi kushindwa kunakili majina ya wateja wa pilau. Anayejifunza aweke clone kwa raha zake, programu isimame, kisha arudi siku nyingine kuzitoa moja moja akiwa na akili iliyopumzika. Na asikubali kuambiwa aanzie kwenye orodha ya mnyororo, lile zoezi la vitabu ambapo kila kitu kinashika mkono wa kinachofuata. Katika C ni somo la wanaoanza. Katika Rust, ambako kila kitu lazima kiwe na mwenyewe mmoja, kuna kitabu kizima mtandaoni kilichoandikwa juu ya masaibu ya zoezi hilo peke yake. Mpwa alinipa hilo kwanza. Nilimrudishia. Oda za nyumbani zilinifundisha zaidi, kwa sababu nilijua jibu sahihi linafananaje hata kabla kompyuta haijalitoa.

Ikaja zamu ya nyakati za siku. Rust inakuruhusu kuunda aina yako ya kitu na kuorodhesha sura zake zote. Nikaunda aina nikaiita Wakati: Alfajiri, Asubuhi, Mchana, Alasiri, Jioni, Usiku. Kisha nikaandika kwa kila mmoja afanyweje ili tupate saa ya kengele ya simu. Nikashughulikia asubuhi, mchana, jioni na usiku, nikaona yatosha, watu wengi wanakula nyakati hizo. Ikagoma, E0004, ikataja kwa majina waliosahauliwa: Wakati::Alfajiri na Wakati::Alasiri. Nikabaki naitazama. Kompaila iliyoanzia Kanada inanikumbusha mimi, mtoto wa Tanga, kwamba kuna alfajiri. Na ilikuwa kweli ina maana: saa kumi jioni na saa kumi alfajiri zimeachana kwa saa 12, na maandazi ya watu wa maulidi hutakiwa alfajiri.

Pana kialama cha kukwepa, kile kistari cha chini, chenye maana ya "na wengine wote waliobaki". Ukikiweka, kompaila inanyamaza palepale. Mpwa alikishauri ili twende tukale. Nilikataa. Kesho nikiongeza wakati mwingine, kialama kile kitaumeza kimyakimya na hakuna atakayeniambia. Kama nimekubali kukemewa, basi nikemewe vizuri.

Nikafikia upande wa pili wa kazi: kugeuza 14:00 ya vijana kuwa saa nane ya jikoni. Hapa sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kila mtoto wa pwani anajua: toa sita. Kumi na nne toa sita, nane. Ishirini toa sita, kumi na nne, na kwa kuwa ishirini imepita kumi na nane toa tena kumi na mbili, saa mbili usiku. Saa niliihifadhi kwenye aina ya namba iitwayo u8, inayoanzia 0 hadi 255, kwa sababu hakuna saa hasi na sikuona haja ya kupoteza nafasi. Kompaila ikapitisha. Nikajaribu mchana, sawa. Jioni, sawa. Nikamwita mama watoto aje aone.

Akaipa oda ya kweli: daku, mwezi wa Ramadhani, mteja kataka saa 03:00. Programu ikafa mbele yake. Ikasema imejaribu kutoa na hesabu ikafurika. Tatu toa sita ni hasi tatu, na u8 haina hasi.

Mpwa, akitaka kuokoa heshima ya lugha yake, akasema hiyo ni programu ya majaribio, yenye walinzi wa kukagua kila hesabu. Tuitengeneze ile ya kutolewa rasmi, ambayo kwa kawaida walinzi hao huondolewa ili iende kasi. Akaandika --release. Ikaenda kasi kweli. Ikachapisha:

Daku, watu 20, saa 253 usiku.

Ilikuwa imehesabu kurudi nyuma: mbili, moja, sifuri, na baada ya sifuri ikazungukia juu, 255, 254, 253. Mama watoto akaisoma, akaniuliza kama huyo mteja atakuja kufuata daku yake mwenyewe au atapelekewa.

Nikaanza kulalamika. Nikasema hesabu yangu ni sahihi, bibi yangu alitoa sita, mama yangu alitoa sita, haiwezekani mashine ikaja kutuambia sita haitoki. Mpwa akapendekeza namba zenye hasi, na masharti: kama jibu ni chini ya sifuri ongeza 12, kama limezidi 12 toa 12, kama ni sifuri weka 12. Mistari ikawa mingi. Kuna kitabu mashuhuri cha waandishi wa programu, The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, kinachosimulia habari ya mtu anayetembea na bata wa mpira ili amweleze tatizo lake kwa sauti mpaka jibu lijitokeze lenyewe. Mimi sina bata. Nilikuwa namweleza mama watoto, naye akichambua mchele, macho kwenye ungo.

"Kwani unatoa ya nini, baba watoto?" akasema. "Si unatazama upande wa pili wa saa?"

"Upande wa pili vipi?"

Akanyoosha kidole ukutani, kwenye saa ya mishale tuliyopewa arusini. "Mshale ukiwa kwenye tatu, ng'ambo yake ni tisa. Ukiwa kwenye nane, ng'ambo yake ni mbili. Mimi sijawahi kutoa kitu."

Tukatazamana na mpwa. Ng'ambo ya saa ni kuongeza sita, si kutoa, ukizunguka kila ukifika kumi na mbili. Kwenye duara la kumi na mbili kwenda mbele sita na kurudi nyuma sita unafika mahali pamoja, na ukienda mbele hakuna hasi. Mistari yote ile ikafutwa, ikabaki mmoja:

(saa + 6) % 12

na neno la pembeni kwamba likitoka sifuri liandikwe 12. Tatu ongeza sita, tisa. Kumi na nne ongeza sita, ishirini, ukiondoa kumi na mbili, nane. Namba kubwa kabisa itakayopita humo ni 29, na u8 haina habari nayo. Cargo check, kimya. Daku, saa 9 usiku.

Kwa hiyo kompaila iliyoniona mimi ni E0382 na E0502 na E0004 haikuona kitu kwenye saa 253. Hesabu ilikuwa halali kwa sheria zake zote. Kilichokosekana ni mtu anayejua daku inaliwa saa ngapi. Mpwa anasema ndiyo maana watu huandika majaribio madogo ndani ya programu, cargo test, yenye majibu yanayojulikana: sifuri ni saa sita, tatu ni saa tisa, sita ni saa kumi na mbili. Nimeyaandika ya saa zote 24, na majibu amenitajia mama watoto akiwa anaosha vyombo.

Orodha ikachapishwa, ikabandikwa jikoni, akina dada wakaisoma wakaielewa. Nikakaa nikisubiri pongezi. Mama watoto akafuta mikono, akachukua simu yake, akaniwekea mezani.

"Sasa humu inaingiaje?"

Haiingii. Kompaila imeitengeneza kwa amri za kichakataji cha laptopu. Simu ina kichakataji cha ukoo mwingine, hakiwezi kuzisoma. Mpwa, aliyekuwa anajiongezea biriani, akasema si tatizo hata kidogo, ni kuiambia kompaila itengeneze upya kwa ajili ya simu, amri moja tu, halafu kushusha zana za Android pamoja na kiunganishi chake.

"Kiunganishi tena," nikasema. "Hicho ni cha nani?"

Akainama kwenye sahani.

"Cha C na C++, mjomba."